Pikapu ya dizeli haivuti: mwongozo kamili wa kusaka shida ya umeme na turbo kabla hujanunua spea

Naandika hii manake haipiti wiki bila mtu kuniletea pikapu ambayo tayari imefungwa turbo nyingine (ile feni inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini) na bado haivuti. Mzigo ule ule wa chumvi wa kutoka Gongoni aliokuwa akiubeba kwa gia ya nne sasa anaukokota kwa ya pili, taa ya injini inawaka na kuzima, pesa ya turbo imeshakwenda, na ukifungua boneti unakuta waya wa athi (unaorudisha umeme kwenye nagetivu ya betri) umeliwa na kutu mpaka zimebaki nyuzi tatu.

Kosa liko kwenye mpangilio. Watu huanza na turbo kwa sababu ndo inayosikika, lakini turbo nyingi za siku hizi zinaamrishwa na umeme, alafu hewa yake inapita kwenye mipira inayopasuka. Kwa hivyo hapa tunaanza na umeme, kisha hewa, turbo yenyewe iwe ya mwisho. Usiruke hatua hata kama umeshaambiwa "hiyo ni turbo bwana, nimeisikia".

Vitu vya kuwa navyo

- Multimita ya dijitali, hata ya bei ya chini, bora isome volti za DC na iwe na tundu la ampea 10
- Skana ndogo ya OBD (inayosoma makosa kwenye kompyuta ya gari) ya kuchomeka na kusoma kwa simu, iwe inaonyesha namba zinavyobadilika gari ikitembea
- Testa ya balbu, ile ya kawaida
- Msasa, brashi ya waya, grisi, na dawa ya kusafishia kontakti
- Chupa ya kunyunyizia, ndani maji ya sabuni
- Kofia ya bomba la maji la PVC inayobana kwenye mpira wa kuingilia turbo, itoboe katikati uitie valvu ya tairi
- Spana, bisibisi, tochi, na mtu wa kukupigia stata

Kabla hujagusa kitu

Usivue teminali ya betri injini ikiwa imewashwa. Hii tabia ya kuvua nagetivu eti kuona kama altaneta inachaji ilikuwa inapita kwenye magari ya zamani, lakini kwenye gari yenye kompyuta betri ndo inayomeza mapigo ya umeme, ukiitoa volti zinaruka ghafla na zinaweza kuua kompyuta au altaneta yenyewe papo hapo. Multimita inakupa jibu hilo hilo bila kuhatarisha kitu.

Usitoboe waya kwa sindano kutafuta umeme. Lile tundu dogo huku kwetu linaingiza hewa ya chumvi, na baada ya miezi kadhaa waya umeoza kwa ndani na hakuna anayekumbuka ulitobolewa wapi. Na usioshe injini kwa mashine ya presha, maji yanajificha ndani ya soketi.

La mwisho ni la usalama na naomba ulisome mara mbili. Turbo iliyoharibika sili inaweza kumwaga oili kwenye njia ya hewa na injini ya dizeli ikaanza kuichoma kama mafuta, resi inapanda yenyewe na ufunguo ukizima haizimi. Ikikutokea na gari ni ya gia za mkono, kanyaga breki kabisa, tia gia ya juu, achia klachi izime kwa nguvu. Kama ni otomatiki, ziba mdomo wa hewa kwa kipande cha ubao bapa. Usiweke mkono wala kitambaa, kitavutwa ndani. Na ukishindwa ondoka hapo karibu.

Hatua ya 1: Sikiliza gari inalalamika nini

Nguvu ikikatika ghafla, taa ikawaka, alafu ukizima na kuwasha gari inarudi sawa, hapo shuku umeme au aktueta (kile kifaa kinachoirekebisha turbo kwa amri ya kompyuta) kwanza. Kompyuta imeona kitu haikielewi ikapunguza mafuta ili kulinda injini.

Nguvu ikiwa ndogo siku zote, moshi mweusi, na unasikia upepo "shiii" ukikanyaga, shuku mpira uliopasuka au filta ya hewa. Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa.

Moshi wa bluu na oili inapungua bila kuvuja chini, hapo ndo turbo inaingia kwenye orodha, na hata hapo haiko peke yake. Mlio kama king'ora unaopanda na resi ni wa kuogopa zaidi, feni ya ndani inaweza kuwa imeanza kugusa nyumba yake. Zima, usiendeshe mpaka uangalie.

Hatua ya 2: Betri

Pima asubuhi kabla hujawasha. Volti 12.6 imejaa, 12.4 iko kama robo tatu, 12.2 ni nusu, chini ya 12.0 iko karibu tupu. Kama umefika sasa hivi, washa taa kubwa dakika mbili, zima, ngoja kidogo ndo upime, la sivyo unasoma chaji ya juu juu tu.

Sasa mwambie mwenzio apige stata ukiangalia mita. Isishuke chini ya 9.6. Betri inayosoma 12.5 ikiwa imetulia na kuanguka mpaka 8 kwenye stata kwa kawaida imekufa ndani, ingawa stata inayokula umeme kupita kiasi nayo inaweza kuiangusha hivyo. Ikibaki 12 na stata inagonga "tak" tu bila kuzungusha, betri haina makosa, shida iko mbele kwenye nyaya au kwenye stata.

Hatua ya 3: Nyaya nene na athi

Hapa ndo watu wanafeli zaidi, kwa hivyo twende pole pole.

Wengi hupima waya kwa kipimo cha om, mita inalia "piii", wanasema waya mzima. Mita inapitisha umeme mdogo mno, hata uzi mmoja wa shaba unaupitisha, lakini stata ya dizeli inavuta ampea mia mbili na zaidi na uzi mmoja hauwezi. Ni kama mpira wa maji uliozibwa na tope ukabaki na tundu la sindano: ukipuliza hewa inapita, ukifungulia bomba hakuna kitu. Waya nene unapimwa ukiwa kazini.

Weka mita kwenye volti za DC. Ncha nyekundu iguse nguzo yenyewe ya chanya ya betri, ile risasi ya katikati, sio teminali iliyoivaa. Ncha nyeusi iguse bolti nene ya stata. Mwenzio apige stata. Namba utakayoona ndo volti zinazopotea njiani, isizidi 0.5. Hata gari ikiwaka, zile sekunde mbili zinatosha kusoma.

Alafu upande wa athi: nyeusi kwenye nguzo ya nagetivu, nyekundu kwenye chuma kisafi cha injini, piga stata. Isizidi 0.2 au 0.3. Kisha hamia bodi, gari imewashwa, taa zote na feni ya AC zinafanya kazi, pima kutoka nagetivu mpaka kwenye bodi. Hapo nataka 0.1 kushuka chini.

Nilipata pikapu moja iliyokuwa ikilala Mokowe karibu na maji. Waya wa athi wa injini kwenda chesisi ulikuwa mzuri kabisa kwa macho, plastiki yake nzima, hata bolti iling'aa. Kwenye stata ukasoma volti 1.4. Niliuvua nikaukunja mkononi, ukalia kama unatafuna chumvi ya mawe. Nilipopasua plastiki ndani ilikuwa unga wa kijani na mweusi, shaba yenyewe imekwisha. Kufunga mwingine ikasoma 0.08 na ile taa ya injini iliyokuwa ikiwaka kila siku mbili haikurudi tena. Mwenyewe alikuwa ameshaweka oda ya turbo.

Na usijiulize athi inahusiana vipi na turbo. Sensa ya presha inasoma kwa kulinganisha na athi, athi ikielea juu namba zote zinadanganya, kompyuta inadhani busti (presha ya hewa inayosukumwa na turbo) ni kubwa au ndogo kuliko ilivyo na inabana mafuta. Vile vile aktueta ya umeme ikikosa volti za kutosha haifiki pale ilipoamriwa.

Ukirekebisha, kata mpaka ufike shaba nyekundu inayong'aa, kama haipatikani tupa waya wote. Sugua chuma cha bodi mpaka kiwe cheupe, funga, kaza, alafu pakaza grisi juu ya kiungo kuzuia hewa. Ukiweza, tafuta ule waya wa boti ambao nyuzi zake ndani zina rangi ya fedha, mafundi wa mashine za boti wanaujua. Shaba yake imepakwa bati na inavumilia chumvi kuliko waya wa kawaida.

Hatua ya 4: Altaneta

Injini ikiwa imewashwa, pima kwenye betri. Unataka kati ya 13.8 na 14.7, na ukiwasha taa, feni na wipa isishuke chini ya 13.5 ukikanyaga kidogo. Ikiwa chini, kabla hujashutumu altaneta angalia mkanda umekaza, kisha pima kutoka bolti nene ya altaneta mpaka chanya ya betri vile vile kama hatua ya 3, ikizidi 0.3 waya ndo mla chaji. Ikizidi 15 zima mara moja, regyuleta imekufa na inachoma vitu.

Kwa wenye injini za zamani kama zile Toyota za 2L na 3L: pampu ya vakyum (ya kunyonya hewa) imefungwa nyuma ya altaneta na inalishwa oili ya injini. Sili yake ikivuja oili inaingia kwenye brashi, altaneta inakufa, unabadilisha, nayo inakufa tena. Ukiona nyuma ya altaneta pameloa oili, anza na hiyo sili.

Kama kila kitu kiko sawa na betri bado inalala usiku, kuna kitu kinanyonya. Zima kila kitu, funga milango, ngoja nusu saa kompyuta zilale, weka mita ya ampea kati ya nguzo ya nagetivu na waya wake (usipige stata ikiwa hivyo, utachoma mita). Ikizidi 0.05 chomoa fyuzi moja moja mpaka ishuke. Mara nyingi mwizi ni treka, redio au alamu iliyoungwa kienyeji.

Hatua ya 5: Skana

Ni sasa ndo unachomeka skana. Ukiichomeka mapema na umeme ni mbovu inakuletea orodha ndefu ya makosa ambayo nusu yake ni uongo. Andika kila namba kwenye karatasi, futa, endesha, uone ipi inarudi.

P0299 ni busti ndogo kuliko ilivyoagizwa. P0234 ni busti iliyopita kiasi. P0562 ni volti za gari kuwa chini, ukiiona rudi hatua ya 3 na ya 4. P0087 ni presha ndogo ya mafuta, hii inafanana kabisa na turbo mbovu lakini anza na filta ya dizeli. Hakuna hata moja kati ya hizi inayosema "badilisha turbo". Zinakuonyesha mtaa, nyumba utaitafuta mwenyewe.

Kuna kipimo kimoja cha bure ambacho sisi wa pwani tumebahatika nacho. Washa ufunguo bila kuwasha injini, soma sensa ya MAP, ile ya presha ya hewa inayoingia kwenye injini. Malindi tuko usawa wa bahari kwa hivyo lazima isome karibu na 100 au 101 kPa, manake hiyo ndo presha ya hewa tunayoivuta. Ikisoma 85 au 115 na injini imezima, sensa au nyaya zake zinadanganya. (Aliyeko Nairobi asishtuke akiona karibu 83, kule juu hewa ni nyepesi.)

Kama MAP imekosea, vua soketi yake. Ufunguo ukiwa umewashwa, kwenye waya wa kulisha upate volti 5, na waya wa athi ya sensa ukiupima na nagetivu ya betri iwe karibu sifuri. Tumia mita tu hapa, testa ya balbu inavuta umeme mwingi na inaweza kuharibu kompyuta. Tazama pini: kijani maana yake chumvi imeingia. Safisha kwa dawa, acha ikauke, na angalia kama mpira wa kuzuia maji ndani ya soketi bado upo.

Hatua ya 6: Njia ya hewa

Toa filta ya hewa kwanza. Gari inayokwenda barabara ya Sala au Marafa filta yake inajaa vumbi jekundu kabla ya muda wake. Kuipiga piga chini inatoa vumbi la juu tu, badilisha.

Alafu fuata mipira kutoka turbo kwenda intakula (rejeta ya kupoza hewa ya turbo) na kutoka intakula kwenda injini. Usiangalie juu tu, pitisha vidole chini ya kila mpira na pembeni ya kila klipu, pale ambapo macho hayafiki. Ufa wa mpira mara nyingi umefumba gari ikiwa imezimwa, unafunguka busti ikija. Kinachoufichua ni alama: mvuke wa oili unatoka pale na kukamata vumbi, unabaki mstari wa tope jeusi lenye mafuta mahali pamoja wakati mpira wote ni mkavu. Ukiuona huo mstari, bonyeza mpira kwa nguvu hapo hapo na ufa utajionyesha kama mdomo.

Usipoona kitu, jaza upepo. Vua mpira wa kuingilia turbo, chomeka ile kofia yako ya PVC na uibane kwa klipu, ziba mpira wa pumzi ya injini (ule unaotoa mvuke wa ndani ya injini) ili usijaze upepo kwenye sampu, karai la oili la chini, gia iwe fri na hendibreki imevutwa manake upepo unaweza kuisogeza injini. Tia upepo pole pole, usipite 1 bar. Simama pembeni, usikae mbele ya kofia, ikichomoka inaumiza. Nyunyiza sabuni kwenye kila kiungo na kwenye intakula yenyewe, sana sana kona zake za plastiki.

Upepo kupungua taratibu ni kawaida, unapita kwenye valvu za injini. Povu linalovimba mahali ni ufa. Ukilipata, tengeneza hilo na uende kujaribu gari barabarani kabla ya kuendelea, manake kwa magari mengi ninayoyaona safari inaishia hapa.

Oili nyembamba ndani ya mipira isikutishe, inatoka kwenye pumzi ya injini. Ukimimina na ikatoka ya kujaza kikombe, hiyo ni shida.

Hatua ya 7: Aktueta

Turbo yako ikiwa ya vakyum, mtu awashe injini nawe tazama kile kijiti: lazima kivutwe injini ikiwaka na kirudi ikizimwa, kwa ulaini, bila kukwama katikati. Kisipotembea, vua kampira kake kembamba, vuta hewa kwa mpira mwingine msafi kisha ziba kwa ulimi. Kijiti kikitembea na kukaa, aktueta nzima, tafuta shida kwenye vali ya umeme inayoigawia vakyum au kwenye vile vipira vyembamba ambavyo joto limevikausha. Vipira hivyo ni vya bei ndogo sana, badilisha vyote kwa pamoja.

Vakyum ikikaa kwenye aktueta lakini kijiti hakisogei, mabawa ya ndani yameganda kwa masizi. Turbo hiyo mara nyingi inasafishika.

Zile za aktueta ya umeme, kama kwenye Hilux zenye injini ya 1KD, anza na soketi yake, volti zake na athi yake. Usifungue wala kuzungusha skrubu ya kikomo, ile imepimwa kiwandani na ukiihamisha utaleta shida mpya.

Hatua ya 8: Turbo yenyewe

Injini ikiwa imepoa na imezimwa, vua mpira wa kuingilia uguse shafti kwa vidole viwili. Isukume mbele na nyuma: usisikie mchezo. Ichezeshe pembeni: mchezo mdogo sana upo na ni halali, manake shafti inaelea juu ya oili, na ikiwa kazini inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Lakini feni isiguse ukuta, hata ukiisukumia upande huku unaizungusha. Tochi imulike ncha za feni, zilizolika au kukatika ni mchanga umepita kwenye filta mbovu. Ukiona hivyo, ndo turbo imekufa kweli.

Moshi wa bluu na shafti haichezi? Angalia bomba la kurudisha oili kutoka turbo. Likiziba au likikunjwa, oili inakosa njia na inasukumwa kupita sili.

Hatua ya 9: Kufunga nyingine

Turbo haifi bila sababu, na ukifunga mpya bila kupata sababu itakufa nayo. Badilisha oili na filta. Safisha au badilisha bomba la kulisha oili, ndani huwa limejaa makaa. Kwenye 1KD fungua na sampu uangalie chujio, manake washa (ringi za kuzuia kuvuja) za injekta zikivuja, masizi yanashuka kwenye oili na kuziba chujio, turbo ndo ya kwanza kukosa oili. Osha intakula, kama feni ilikatika vipande viko humo. Na usipake silikoni kwenye flenji za oili, kipande kikikatika kinaziba tundu.

Mimina oili safi kwenye tundu la juu la turbo ukiizungusha kwa mkono. Kata mafuta, piga stata sekunde kumi, pumzika, rudia mpaka taa ya oili izime. Ndo uwashe, uiache inaunguruma dakika tano bila kupiga resi.

Sasa tia mzigo uende lile pandisho la baada ya daraja la Sabaki, mwenzio ashike simu yenye skana. Gia ya tatu, kanyaga yote: MAP iliyokuwa 100 ipande kwa ulaini kupita 200, namba iliyoagizwa na inayopatikana zifuatane, nyuma kusiwe na wingu jeusi. Rudi nyumbani, acha injini dakika moja kabla ya kuzima. Baada ya siku mbili kaza klipu zote tena injini ikiwa baridi, manake mpira mpya ukishapata moto unakaa na klipu inalegea.